Fedha Ungetoa Hata Bila Kukimbia: Terry Fox na Fadhila ya Nguvu



Mwaka jana nilikimbia kilomita 21 katika mbio za hisani za kuchangia wagonjwa wa saratani. Nilirudi na fulana, medali na picha nyingi. Likizo ilipofika nikaenda kumsalimia mama yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza mionzi ya saratani ya titi. Baada ya shikamoo na chai nikamwonyesha picha zile kwenye simu, nikitegemea angefurahi. Akaziangalia moja moja, taratibu, kisha akaniuliza: “Frateri, hivi hiyo hela usingeweza kuitoa tu bila kukimbia?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza: “Na ulipokuwa unakimbia, ulikuwa unanifikiria mimi, au ulikuwa unafikiria picha?”

Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, na kazi ya falsafa ni kuuliza maswali, lakini siku ile nilikosa jibu. Nilirudi seminarini na maswali yale mawili, na makala hii ni jaribio la kuyajibu. Sitayajibu kwa mfano wangu, kwa sababu mfano wangu ni mdogo na una kasoro nitakazozieleza baadaye. Nitamtumia kijana mmoja wa Kanada, ambaye karibu mbio zote za hisani za saratani tunazoziona leo zinadaiwa kitu fulani na yeye, hata kama wakimbiaji wengi hawalijui jina lake.

Terry Fox alizaliwa Winnipeg, Kanada, tarehe 28 Julai 1958, akakulia Port Coquitlam, mji mdogo wa pwani ya magharibi. Alipenda mpira wa kikapu japo alikuwa mfupi na, kwa maelezo ya waliomfundisha, hakuwa na kipaji cha pekee. Alichokuwa nacho ni ubishi wa kutokubali kuachwa nje. Alipojiunga na chuo kikuu cha Simon Fraser alichagua kusomea sayansi ya mwendo wa mwili. Mwezi Machi 1977, akiwa na miaka 18, goti la kulia lilimuuma mno. Vipimo vikaonyesha saratani ya mfupa, ile inayoitwa osteosarkoma. Siku chache baadaye mguu wake ulikatwa juu ya goti.

Usiku wa kuamkia upasuaji, mwalimu wake wa zamani wa mpira wa kikapu alimletea gazeti lenye habari za Dick Traum, Mmarekani mwenye mguu bandia aliyekuwa amekimbia marathoni ya New York. Kijana anayesubiri kukatwa mguu asubuhi anapewa habari za mtu anayekimbia bila mguu! Sisi tunaokwenda hospitalini kutembelea wagonjwa siku za utume huwa tunabeba rozari na juisi, na ni vema. Lakini huyu mwalimu alikuwa amefikiria kitu gani hasa kingemfaa mgonjwa huyu mmoja, usiku huu mmoja. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu nadhani ndipo mbio zote zilipoanzia.

Baada ya upasuaji zikafuata dawa za kemo kwa miezi 16. Hapo kuna mambo mawili yaliyomgusa. La kwanza ni hesabu. Madaktari walimwambia kwamba nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu kabla yake ingekuwa asilimia 15. Yaani kulikuwa na vijana waliougua ugonjwa uleule, wakasali sala zilezile, wakapendwa na wazazi vilevile, lakini walikufa kwa sababu waliugua mapema mno, kabla utafiti haujafika. La pili ni wagonjwa wenzake wodini. Aliwaona wakidhoofika, wengine wadogo kuliko yeye, na alipotoka hakuweza kuishi kana kwamba hakuwaona. Hilo ndilo aliloliandika Oktoba 1979 katika barua yake kwa Chama cha Saratani cha Kanada, alipoomba wamuunge mkono katika mpango wa kukimbia kutoka bahari hadi bahari, nchi nzima, kukusanya fedha za utafiti.

Tusimame kidogo hapa, maana jibu la swali la kwanza la mama mdogo linaanza kuonekana. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sadaka ni tendo la mapendo, lakini linapitia mlango wa huruma. Na huruma, kwa maelezo yake, ni moyo kuumia kwa sababu ya taabu ya mwingine kana kwamba ni taabu yako mwenyewe. Kwa hiyo katika sadaka kuna vitu viwili: kitu kinachotoka mkononi, na maumivu yanayokitoa. Mkono unaweza kutoa bila moyo kuumia. Tunafahamu, maana sote tumewahi kutumbukiza kitu kwenye kikapu tukiwa tunaangalia saa. Terry Fox alikuwa na kijana mwenzake wodini ndani ya kifua chake. Fedha hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mguu mmoja mzima. Akatoa hicho.

Mtu anaweza kusema: bado hujajibu. Kukimbia hakutibu saratani. Ni kweli. Katika falsafa tunajifunza kutofautisha sababu inayozaa kitu moja kwa moja na ishara inayowafanya wengine watende. Ng'ombe akikamuliwa maziwa yanatoka. Mtu akikimbia hela hazitoki miguuni. Zinatoka mifukoni mwa wanaomwona. Mbio zile zilikuwa ombi, lakini ombi lililotamkwa kwa mwili wote. Anayeomba ameketi anaweza kupita bila kusikilizwa. Anayeomba huku akivuka nchi kwa mguu bandia amekwisha kutoa sehemu yake kwanza, na ndipo anakuuliza ya kwako.

Alijiandaa kwa muda wa miezi 15, akakimbia jumla ya kilomita zaidi ya 5,000 za mazoezi. Mwezi Septemba 1979 alishiriki mashindano ya kilomita 27 katika mji wa Prince George. Alimaliza wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, na watu walimpigia makofi huku wakilia. Baada ya hapo ndipo alipowaambia wazazi wake mpango wake. Mama yake, Betty, kwanza aliona ni wazimu. Baba yake, inasemekana, aliuliza tu ataanza lini.

Tarehe 12 Aprili 1980, huko St. John's, Newfoundland, alichovya mguu wake bandia katika maji ya Bahari ya Atlantiki, akachota maji kidogo kwenye chupa akitarajia kuyamwaga Bahari ya Pasifiki, akaanza. Mbio hizo aliziita Marathoni ya Tumaini. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari nyuma yake. Siku za mwanzo walikutana na upepo mkali, mvua na theluji. Walikuwa wakigombana mara kwa mara wao wawili. Baadaye mdogo wake, Darrell, alijiunga nao na hali ikatulia. (Ndugu waseminari wanaoishi watatu chumba kimoja wataelewa bila maelezo zaidi.)

Mwendo wake haukuwa mbio tunazozijua. Mguu bandia wa wakati ule ulikuwa na springi iliyohitaji muda kidogo kujirudisha, hivyo kila hatua moja ya mguu bandia ilibidi mguu mzima uruke mara mbili. Hatua, ruko, ruko. Kisiki cha mguu kilichubuka, kikatoka malengelenge na damu. Kwa mwendo huo alikimbia karibu kilomita 42 kwa siku, yaani marathoni nzima, na kesho yake nyingine, na kesho kutwa nyingine.

Wengi hawakumjali mwanzoni. Kulikuwa na siku alizokimbia hadi jioni bila fedha yoyote ya maana. Halafu wakafika Port aux Basques, mji mdogo wa bandari wenye watu wapatao 10,000, na wenyeji wakampa dola 10,000. Dola moja kwa kila mtu! Hapo ndipo lengo lake lilipobadilika. Alikuwa ameanza na lengo la dola milioni moja. Sasa akaanza kuota dola moja kutoka kwa kila Mkanada, na Kanada wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 24.

Wazo hilo wangelipenda mababu wa Kanisa letu la jumuiya ndogondogo. Tajiri mmoja angeweza kutoa milioni 24 na jambo likaisha, na wananchi wangebaki watazamaji. Dola moja ya kila mtu inaifanya saratani ya jirani kuwa shughuli ya kila mtu. Hata hivyo matajiri nao walikuwa na nafasi yao. Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa amekufa kwa saratani ya ngozi mwaka 1978, aliahidi dola mbili kwa kila maili, akayaalika makampuni mengine 999 yafanye hivyohivyo. Terry alifika Toronto mwezi Julai, na watu wapatao 10,000 walimsubiri uwanjani. Siku ile moja zilikusanywa dola 100,000.

Nakuja sasa kwenye fadhila. Katekisimu inatufundisha fadhila nne za kiutu zilizo bawaba za nyingine zote: busara, haki, nguvu na kiasi. Vijana tukisikia “nguvu” tunafikiria misuli, au shujaa anayerukia adui. Aristotle alikwisha kutuonya kwamba kuna ushujaa wa kweli na kuna vitu vitano vinavyofanana nao tu. Mojawapo ni hasira, na kingine ni ujinga wa kutoijua hatari. Asiyejua kwamba mto una mamba akivuka kwa kuogelea, hatumwiti jasiri.

Mtakatifu Thomas anakwenda mbele zaidi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 123, kifungu cha 6, anauliza kama tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili au kushambulia. Anajibu: kustahimili. Sababu anazotoa ni tatu, na zote zinaweza kuonekana barabarani huko Kanada. Anayestahimili anapambana na kitu kilichomzidi nguvu, wakati anayeshambulia hujiona yeye ndiye mwenye nguvu. Anayestahimili anaihisi hatari imekwisha kufika mwilini mwake, wakati anayeshambulia bado anaiona mbele. Tatu, kushambulia kunaweza kuwa kwa ghafla, kwa dakika moja ya moto wa moyo, lakini kustahimili kunahitaji muda mrefu.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo jibu langu kwa wale wanaouliza kwa nini mbio ndefu, kwa nini isiwe mita 100. Mgonjwa wa saratani haugui mita 100. Mama mdogo alienda kwenye mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, akilala kwa watu katika mji ambao hana ndugu wa karibu. Kuna asubuhi alizonipigia simu na kusema amechoka kuamka. Umbali mrefu, pale mkimbiaji anapofika kilomita ya 17 na hakuna tena anayepiga makofi, unafanana kidogo na asubuhi zile. Nasema kidogo tu. Mimi nilijua mbio zangu zitakwisha saa nne asubuhi, na kwamba kulikuwa na ndizi na maji mwisho wa barabara. Yeye hakujua mwisho wake ni upi.

Lakini hapa lazima nigeuke nimkosoe Terry Fox, maana somo la fadhila likiwa la kusifu tu linakuwa mahubiri ya mazishi.

Madaktari walikuwa wamegundua kwamba moyo wake umepanuka, na walimtaka awe anapimwa. Akiwa njiani hakuhudhuria vipimo hivyo. Alikuwa na maumivu, aliendelea. Watu wa karibu naye walimwomba aende kwa daktari, alikataa mara nyingi. Tarehe 1 Septemba 1980, nje ya mji wa Thunder Bay, jimbo la Ontario, alianza kukohoa na kubanwa kifua. Barabarani watu walikuwa wamejipanga wakimshangilia. Akaendelea kukimbia kwa sababu yao. Alipofika mbele akamwambia Alward ampeleke hospitali. Saratani ilikuwa imeingia katika mapafu yote mawili. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373.

Tuwe waangalifu tusiseme kwamba kukimbia ndiko kulikomwua. Osteosarkoma ina tabia ya kuhamia mapafuni hata kwa mgonjwa anayelala kitandani mchana kutwa. Lakini inaruhusiwa kuuliza: kama angepimwa mwezi Mei, je? Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba fadhila hizi zimefungamana. Nguvu isiyoongozwa na busara haijawa bado fadhila kamili. Nilipolitoa hoja hili katika mjadala wetu darasani, mwenzangu mmoja alinipinga vikali, akasema kwamba kijana yule alijua nafasi yake ni nusu kwa nusu, na alichagua kuitumia miezi yake kwa ajili ya wengine badala ya kukaa kwenye viti vya kusubiria daktari. Pengine. Mimi naona alistahili sifa kwa yote mawili ya kwanza, kujua na kuchagua, na bado kukataa kupimwa kulikuwa kosa. Mtu anaweza kuwa mkubwa kuliko sisi sote na bado akawa amekosea katika jambo moja.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya neno letu wenyewe, “vumilia.” Tunalipenda mno. Mama akilalamika, tunamwambia avumilie. Kwenye mahubiri ya Kwaresima tunaliimba. Mama mdogo aliukuta uvimbe kwenye titi akiwa anaoga, mwaka mmoja na zaidi kabla hajamwambia mtu yeyote. Alikuwa ana watoto wa kusomesha, na aliona aibu. Alipokwenda kwenye zahanati mara ya kwanza aliambiwa ni jambo la kawaida, akapewa dawa za maumivu. Akavumilia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu kwamba alidhani kuvumilia ndiko kumpendeza Mungu. Nani alimfundisha hivyo? Sisi. Kustahimili anakokusifu Mtakatifu Thomas ni kule ambako mtu anashikilia jambo jema bila kuliacha hata akiumia. Kuficha uvimbe si kushikilia jambo jema lolote. Ni hofu iliyovaa nguo za fadhila, na kama Aristotle angekuwa anaandika leo nadhani angeiongeza kwenye orodha yake iwe ya sita.

Mbio zilipokatika, Terry alikuwa amekusanya dola milioni 1.7. Wiki iliyofuata kituo kimoja cha televisheni kiliandaa kipindi cha masaa kadhaa na Wakanada wakachangia zaidi ya milioni 10. Watoto wa shule wakaendelea, vikundi vidogovidogo vikaendelea, na tarehe 1 Februari 1981 mfuko ukafikia dola milioni 24.17, nchi yenye watu milioni 24.1. Dola moja kwa kila mtu. Naye alikuwa hai kuliona. Papa Yohane Paulo wa Pili alimpelekea telegramu kumwambia kwamba anamwombea. Tarehe 28 Juni 1981 alifariki dunia, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Swali la pili la mama mdogo linaniuma zaidi: wewe au picha? Bwana wetu alituagiza sadaka yetu isipigiwe tarumbeta, mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Katika hotuba hiyohiyo ya mlimani alituagiza pia nuru yetu ionekane na watu. Je, mbio za hisani zenye spika, mabango na fulana ziko upande gani?

Thomas anapoeleza majivuno anasema utukufu unakuwa batili kwa njia tatu: kwa kitu tunachojivunia, pale kisipokuwa na thamani; kwa watu ambao tunatafuta sifa yao, pale hukumu yao isipokuwa ya kuaminika; na kwa sisi wenyewe, pale tusipoielekeza sifa ile kwenye lengo lake, yaani heshima ya Mungu au wema wa jirani. Kumbe kuonekana si dhambi. Kuna mambo ambayo yasipoonekana hayawezi kumsaidia jirani. Mbio zinazokimbiwa gizani hazichangishi senti. Shida ni njia ile ya tatu, pale kuonekana kunapoishia kwangu.

Terry Fox alilielewa hilo bila kusoma skolastiki. Alikuwa na wafadhili: gari walipewa, mafuta walipewa, viatu walipewa. Lakini makampuni yaliyotaka atangaze bidhaa zao aliyakataa, na hakutaka senti ya mfuko ule iguse mfuko wake. Alitaka watu wakumbuke kazi kabla ya kumkumbuka yeye. Mbio za kila mwaka zilizoanzishwa baada ya kifo chake, Septemba 1981, zilishirikisha watu wapatao 300,000 mara ya kwanza na kukusanya dola milioni 3.5. Masharti yake ni ya ajabu ukilinganisha na yetu: hakuna mshindi, hakuna zawadi, hakuna kiingilio cha lazima, hakuna matangazo ya biashara kwenye fulana. Mama yake, Betty, alizilinda kanuni hizo kwa wivu hadi alipofariki mwaka 2011. Mpaka sasa zimepatikana zaidi ya dola milioni 800 za Kanada kwa ajili ya utafiti, katika nchi nyingi.

Medali yangu, kwa hiyo, niliitazama tena. Sehemu ya kiingilio nilichokilipa ilinunua medali hiyohiyo na fulana. Sikuwahi kuuliza ni kiasi gani kilimfikia mgonjwa. Nilijisajili kwa sababu wenzangu walijisajili.

Si kwamba mbio za kwetu hazina maana, hasha. Kampala, nchini Uganda, tangu mwaka 2012 Rotary huandaa mbio za saratani kila mwaka, na fedha zimeelekezwa kwenye kitu kinachoonekana kwa macho: kujenga kituo cha tiba ya saratani katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya, hospitali ya Jimbo Kuu Katoliki la Kampala, pamoja na vyumba vyenye kuta nene za zege ambavyo mashine za mionzi huhitaji. Anayekimbia anajua anakimbilia ukuta ule. Na umuhimu wake Waganda waliuona mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya taifa lao, ya kobalti, ilipoharibika kabisa. Hadi nyingine ilipoanza kazi mwaka 2018, wagonjwa waliohitaji mionzi walilazimika kusafirishwa kwenda Nairobi, au kubaki nyumbani. Utaona basi kwamba swali la “fedha zinakwenda wapi” si la wahasibu tu. Ni swali la haki, na haki nayo ni bawaba.

Kwa kuwa nimeitaja Kampala, acha nitoke barabarani kidogo. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, aliondoka na madaktari wenzake wawili katika gari kuukuu, wakasafiri karibu kilomita 16,000 kupitia Afrika Mashariki kuelekea kusini. Walikuwa wakiingia hospitali baada ya hospitali, nyingi zikiwa za misioni, wakiuliza swali moja: je, mmewaona watoto wenye uvimbe wa taya wa namna hii? Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba uvimbe ule ulifuata maeneo ya joto na mvua, kama malaria. Saratani hiyo sasa inabeba jina la Burkitt, na ni miongoni mwa zile za kwanza kuonekana zikipona kwa dawa pekee. Mwendo mrefu, mara hii kwa gari, lakini nao ulikuwa wa kustahimili.

Mwaka huu tulikaa frateri wanne na paroko wa mahali ninapofanyia utume, tukakubaliana kufanya mbio zetu wenyewe, kutoka kigangoni hadi parokiani, kilomita 14 za vumbi. Baba Gombera aliruhusu kwa sharti kwamba hesabu zisomwe hadharani. Hakukuwa na fulana. Fedha zilikuwa za kitu kimoja: nauli na malazi ya wagonjwa watatu wa parokia wanaokwenda mjini kwenye mionzi. Wazee waliotembea tuliwahesabu sawa na vijana waliokimbia, na bibi mmoja alitoa mayai sita, yakauzwa palepale.

Nilimwalika mama mdogo nikidhani atakataa. Alikuja kwa basi la asubuhi, akaketi mezani chini ya mwembe na daftari la jumuiya, akiandika majina na kiasi. Kila mwanamke aliyekuja kuandikisha mchango alimwuliza swali moja kabla ya kupokea hela: umejipima lini? Wengine walicheka kwa aibu. Wawili walibaki pembeni hadi watu walipopungua, wakaenda kuzungumza naye kwa sauti ya chini, mimi nikiwa mbali nafungua viatu. Jumatatu yake alinipigia simu. Mmoja wao alikuwa amekwenda kupimwa, na mama mdogo alikuwa naye kwenye foleni.